Motokaa Yetu katika Njia ya Opala

Atokaye Kisangani kwenda Opala hana budi kwanza kuvuka maji. Mji mkubwa umekaa upande wa kuume wa mto Kongo, na njia ya Opala huanzia upande wa kushoto, huko Lubunga, ambako pia reli ya Ubundu ina mwanzo wake. Reli hiyo ilimalizika mwaka 1906, ili watu na mizigo wapite kando ya maporomoko ya Boyoma yasiyopitika kwa meli. Aendaye kwa miguu huvuka kwa mtumbwi. Mwenye motokaa hungoja kivuko. Kwa muda wa miezi kumi na sita sisi tulihesabiwa miongoni mwa wenye motokaa, nasi tulijifunza kungoja.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Twaandika kwa sababu vijana wengi wa parokia, hasa walioanza kupata mshahara, hutuuliza: "Mwalimu, je, yafaa kununua motokaa?" Swali hilo lataka jibu la kweli, na jibu letu limo katika njia ya Opala.

Toka Lubunga mpaka Opala ni zaidi ya kilometa 200. Njia yaingia msituni mapema, na udongo wake mwekundu huwa vumbi wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua. Mahali fulani safarini msafiri huvuka mstari wa ikweta, kwa maana Kisangani iko kaskazini yake kidogo, na Opala kusini yake kidogo. Wala hatambui tofauti yoyote, kwani mvua za pande zote mbili ni ndugu. Vijito vina madaraja ya magogo. Dereva mwenye akili hushuka kwanza, huyakanyaga kwa mguu wake, huyapanga upya, ndipo huyapandisha magurudumu. Mvua kubwa inyeshapo, vizuizi hufungwa, ili magari yasiichimbe njia ingali na maji. Basi wasafiri huketi chini ya paa la majani na kusimuliana habari.

Wapitao njia hiyo wengi hawana motokaa. Ni watu wa pikipiki, na zaidi ni vijana wasukumao baiskeli. Baiskeli moja hubeba magunia ya mpunga, madumu ya mafuta ya mawese na kuku juu yake. Kijana huisukuma siku kadhaa hata Kisangani, kisha hurudi na chumvi, sabuni na nguo. Mji wa Kisangani wenyewe wajua deni lake kwa baiskeli. Katika miaka ya vita, mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye, motokaa zilipokuwa haba, abiria walichukuliwa kwa baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala maana yake "tupite". Wagonjwa, wanafunzi, hata maarusi, walipita hivyo.

Opala yenyewe imekaa kando ya mto Lomami, ambao hushuka kaskazini hata Isangi, ndipo huingia katika mto Kongo. Wenyeji wake wengi ni Wambole, wakulima wa mpunga na mihogo, wavuvi na wawindaji. Mji huu mdogo una sifa moja ambayo wanafunzi wetu wapenda kuisikia. Mwaka 2007 wataalamu wa wanyama walimkuta kima mchanga amefungwa katika nyumba ya mkuu wa shule ya msingi ya Opala. Watu wa huko walimjua tangu zamani, wakamwita lesula. Lakini katika vitabu vya elimu hakuwamo. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, mwaka 2012 wataalamu walimtangaza mbele ya ulimwengu kwa jina la Cercopithecus lomamiensis, yaani wa Lomami. Na mwaka 2016 sehemu ya msitu huo, upande wa kusini, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Nyumba ya mwalimu mwenzetu iliufundisha ulimwengu jambo jipya.

Huko Opala ndiko kwao mama watoto. Ndiyo sababu tulitaka motokaa. Shemeji yetu, mfanyabiashara wa mpunga, alitoa dola 1,700, nasi tukatoa 1,500, akiba ya miaka sita. Tukanunua pikapu ya milango minne iliyokwisha kuzunguka dunia zaidi ya miaka ishirini kabla ya kufika kwetu. Rangi yake ilikuwa mpya. Hiyo ndiyo iliyotudanganya. Padre aliibariki mbele ya kanisa, tukatundika medali ya Mtakatifu Kristofa, na watoto waliiosha kila Jumamosi jioni, ili Jumapili ionekane na majirani. Hatufichi: nasi tulipenda ionekane.

Mwezi wa pili klachi ilikwisha. Mwezi wa nne pampu ya dizeli. Baadaye springi na mabushi, rejeta, mipira minne, na mwisho giaboksi. Wengi wetu hudhani kwamba fundi akitaja bei kubwa ni mwizi. Wako wezi, lakini yafaa tujue pia safari ya kipuri. Vipuri vingi vya Kisangani hutoka ng'ambo ya bahari, vikashushwa Mombasa, vikapita Uganda hata Beni au Butembo, kisha vikavuka msitu wa Ituri kwa lori hata kutufikia. Kila mpaka una ushuru wake, kila mkono una faida yake, na kila daraja bovu huongeza siku. Tena vipo vipuri vya bandia vinavyong'aa kuliko vya asili, navyo havimalizi msimu mmoja. Na jambo la tatu ni hili: katika motokaa nzee kiungo kimoja huua kingine. Rejeta ikivuja, injini hupata joto. Injini ikipata joto, kichwa chake hupinda. Na aliyekataa kulipa kidogo jana hulipa sana kesho.

Fundi wetu, mzee mpole aliyefanya kazi chini ya mwembe, alituambia siku moja: "Mwalimu, ungeniambia motokaa hii ni mgonjwa, ningeitibu. Lakini hii ni mzee. Mgonjwa hupona." Tulicheka, tukalipa, tukaenda zetu.

Haki yataka tuseme na wema wake. Mwezi wa Februari, mvua zilipopungua, habari ilitufikia kwamba mama mkwe amelala na uvimbe wa tumbo, wala hawezi kupanda pikipiki. Tulitoka Lubunga alfajiri, tukalala njiani, tukafika Opala siku ya pili jioni. Tulimlaza juu ya godoro nyuma ya kiti, binti yake akimshika kichwa kila penye shimo, tukarudi naye hata Kisangani, na motokaa haikuzimika hata mara moja. Alipasuliwa akapona. Kwa ajili ya safari hiyo moja hatutailaani motokaa ile mpaka kufa kwetu.

Lakini safari hiyo ilitupa kiburi. Watu wa kijiji cha mama mkwe walikuwa wameona motokaa ikija na kuondoka kwa amani, wakaiamini. Mwezi wa Oktoba jamaa tisa walitupakilia magunia kumi na manne ya mpunga, tuwauzie Kisangani, ili walipe karo za watoto wao wa sekondari na kununua dawa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Walisema tu, "Mkwe wetu atatuuzia."

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia, giaboksi, ile ile tuliyoilipia dola 700, ikalia kama mawe ndani ya debe, ikakataa. Mvua ikaanza usiku ule. Turubai letu lilikuwa na matundu, nasi tulikuwa tumeahirisha kununua jipya kwa sababu ya rejeta. Tulikaa pale siku nne. Kijana wa baiskeli asiyetujua alipeleka barua yetu Lubunga, akakataa malipo; wenyeji wa kijiji cha karibu walitupa kwanga na sombe, wakaisukuma motokaa kando ya njia. Siku ya tano fundi alipofika kwa pikipiki, tulifunua magunia. Sita yalikuwa yamelowa hata kiini, na mpunga ulikuwa umeanza kuota. Vichipukizi vidogo vyeupe vilitokeza katika nyuzi za gunia.

Tuliporudi nyumbani tukiwa na magunia manane, tulimkuta mtoto wetu mkubwa ameketi kibarazani siku ya masomo. Alikuwa amerudishwa shuleni kwa karo. Karo hiyo tuliikopa wenyewe, mwezi wa Septemba, kwa ajili ya giaboksi. Mtoto hakusema neno. Alichukua ndoo akaanza kuosha matope ya motokaa iliyovutwa kwa kamba, kama alivyozoea.

Usiku ule mama watoto alileta taa na daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tukaandika. Klachi 260, pampu 520, springi na mabushi 170, rejeta 110, mipira 320, giaboksi 700, vitu vidogo vidogo 460. Jumla dola 2,540. Faida yote ya kuchukua mizigo, baada ya mafuta na vivuko, ilikuwa 1,900. Kwa hiyo motokaa ilikuwa imetula dola 640, na bado ilikuwa imelala mlangoni bila giaboksi. Mama watoto alifunga daftari akasema, "Baba, tuna watoto wanne. Huyu wa tano ndiye anayekula kuliko wote, na ndiye asiyekua."

Tulinyamaza kitambo. Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapitao. Mara ngapi tumewaeleza wanafunzi mfano huo! Kumbe sisi wenyewe tulihesabu bei ya kununua tu. Bei ya kununua ni mlango. Gharama ni nyumba yote iliyo nyuma yake.

Kwa shauri la shemeji tuliiuza motokaa kwa fundi mwingine aliyetaka injini yake, dola 1,100, tukagawana. Sehemu yetu ililipa karo, na iliyobaki tulikwenda nayo Opala, tumeketi nyuma ya pikipiki, tukiwa na fedha za magunia manane yaliyouzwa na fedha zetu za magunia sita yaliyopotea. Hatukuogopa njia. Tuliogopa nyuso.

Jamaa wale tisa walikusanyika uani kwa mama mkwe. Tuliwaeleza yote, na habari ya turubai pia. Mzee mmoja alizihesabu fedha mara mbili, akasema, "Mvua ni ya Mungu, lakini tundu lilikuwa lako. Umelipa tundu. Yamekwisha." Ndipo mama mkwe, ambaye kwa heshima ya desturi hakuwa amekaa karibu nasi, alisema toka mlangoni pa jiko: "Mkwe wangu, mimi nilikuja mjini ndani ya motokaa hiyo, nami ningali hai. Usihuzunike kwa chuma."

Sasa tuwajibu vijana. Motokaa si dhambi, wala si ufalme. Kabla ya kuinunua, mwite fundi asiyefahamiana na muuzaji, umlipe akupe ukweli. Weka kando fedha za matengenezo, walau nusu ya bei yake, wala usiziguse kwa rangi wala kwa redio. Kila safari iandike. Karo ya mtoto isiingie kamwe chini ya boneti. Na usibebe mali ya maskini chini ya turubai lenye matundu, hata wakuamini namna gani, hasa wakikuamini. Mapadre wa kwanza waliofika Stanley Falls mwaka 1897, pamoja na Padre Gabriel Grison, hawakuwa na motokaa. Walikwenda kwa mtumbwi na kwa miguu, na habari waliyoichukua ilifika.

Siku hizi twaenda Opala wakati wa likizo, kwa pikipiki ya kukodi au kwa mtumbwi wenye injini, kushuka hata Isangi na kupanda Lomami. Ni safari ya polepole. Mwaka huu mtoto wetu mkubwa alifuatana nasi. Tulipopita mahali pale pa siku nne, alituonyesha kando ya njia: mpunga uliomwagika siku ile ulikuwa umeota, mashuke machache katikati ya majani, na ndege walikuwa wakila.