Kupima Nako Ni Kazi

Nilipoanza kujifunza ufundi Gerezani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna mteja aliyelipia gari kupimwa. Alilipia kufungua na kufunga. Kutafuta ugonjwa kulikuwa ndani ya bei, kwa kuwa mara nyingi kufungua ndiko kulikokuwa kutafuta.

Magari yenyewe yaliruhusu. Datsun 120Y, Peugeot 504 na Corolla nyingi za wakati ule zilikuwa na kabureta, na karibu mfumo wote wa mafuta ulionekana kwa macho. Pampu iliendeshwa na injini na kusukuma kwa nguvu ndogo, chini ya nusu baa. Ulichomoa mpira, ukauelekeza kwenye chupa, mwenzako akapiga stata. Petroli ikiruka kwa vishindo, pampu nzima. Kabureta nyingi za Kijapani zilikuwa na kidirisha cha kioo ubavuni, ukichungulia unajua kimo cha mafuta kwenye bakuli la floti kabla hujagusa bisibisi.

Fundi wangu alipima kwa pua, masikio na plagi. Plagi nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta hayatoshi na injini inaungua. Ya rangi ya udongo, twende. Alivuta dipstiki akainusa: oili ikinuka petroli, kiwambo cha pampu kimepasuka na mafuta yanateremkia kwenye injini. Gari lililozimika kwa joto katika mlima wa Kitonga alilijua kabla dereva hajamaliza kusimulia. Petroli imegeuka mvuke kwenye bomba. Funika pampu kwa kitambaa kibichi, subiri. Sisi wanafunzi alitupa amri moja isiyo na mjadala: jeti husafishwa kwa upepo, haichokolewi kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo, gari litakula mafuta hadi jeti ibadilishwe.

Petroli tuliinyonya kwa mpira na mdomo, na petroli ile ilikuwa na risasi. Hatukujali.

Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi, mengi yakiwa ya EFI. Kabureta hakuna, pampu imezama ndani ya tanki, injekta zinaamriwa na kompyuta. Shinikizo likapanda hadi karibu baa 3. Mpira ukiuchomoa kwa mazoea, petroli inakurukia usoni. Kompyuta hiyo hutegemea sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ili ijue kama mafuta na hewa vinalingana, na risasi huiua sensa hiyo. Gari lililotoka Japani likiwa zima likafika huku likaanza kula mafuta, na wapo wateja waliotusihi tung'oe EFI tuwafungie kabureta. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na hapo ndipo sensa zilipoanza kudumu.

Ujio wa EFI uliibadilisha na kazi yetu. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 tuliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, tukawasha swichi na kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, kisha tano: namba 25, mafuta machache kuliko hewa. Baadaye zikaja mashine za kusoma namba hizo, na leo kijana ana kifaa kidogo kinachozungumza na simu yake. Kinamwandikia P0171, malalamiko yale yale kwa namba mpya.

Lakini kompyuta hulalamika tu, haimtaji mwenye kosa. P0171 inaweza kuwa pampu iliyochoka, filta iliyoziba, injekta chafu, sensa ya hewa yenye vumbi, au mpira wa hewa uliopasuka ambao bei yake ni ndogo kuliko zote. Wengi huona namba wakakimbilia dukani kununua pampu. Fundi anayejua kazi hufunga geji, akasoma shinikizo gari likiwa silensa, yaani bila kukanyagwa, na likikanyagwa, kisha akazima na kutazama kama mshale unashuka. Ukishuka upesi, kuna injekta inayovuja au vali ya pampu haishiki.

Kwenye dizeli mabadiliko yalikuwa makali zaidi. Zamani tulilegeza nati za nozo moja baada ya nyingine huku injini inaunguruma. Nati ambayo ukiilegeza injini haibadiliki, silinda hiyo ndiyo mbovu. Kwenye dizeli za kisasa za komoni reli shinikizo hupita baa 1,000, na uzi mwembamba wa mafuta hutoboa ngozi. Mazoea yale leo yanaweza kumkata mtu mkono.

Kuna ugonjwa mmoja ambao mashine haiujui: mafuta ya taa ndani ya petroli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida yao ife. Injini ikigonga na kuwaka kwa shida bado nadondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ikapotea. Mafuta ya taa huacha doa.

Leo natoza kupima, na wateja hununa. Bosi mmoja aliniuliza analipia nini ilhali sijafungua hata nati. Analipia kutonunua pampu asiyoihitaji. Nawe mwenye gari, ukiambiwa pampu imekufa, uliza kabla hujatoa pesa: imepimwa, imesoma ngapi? Aliyepima atakutajia namba. Asipokuwa nayo, mlipe kwanza apime.