Magoti ya Mama na Tangawizi

Mama alipoanza kuumwa na magoti nilimnunulia aspirini. Naye, bila ya kuniambia, akawa anakunywa na tangawizi kali kila usiku. Baada ya majuma mawili akatapika damu. Daktari akanifahamisha nisilolijua: prostaglandini zinazotengenezwa na mwili hushika vipokezi vyake zikaleta uvimbe na maumivu, lakini ndizo hizo hizo zinazolinda utando wa tumbo. Aspirini huzuia kutengenezwa kwake, kama alivyobainisha John Vane mwaka 1971. Tangawizi nayo, katika maabara, imeonekana kufuata njia hiyo. Nami miaka yote nikiwaambia akina mama darsani kwamba dawa ya jikoni haidhuru! Mama amepona, alhamdulillahi. Siku hizi, anayeniuliza habari ya tangawizi humuuliza kwanza anameza vidonge gani.