Sheria ya Uchawi Ingali Kitabuni

Wajerumani waliacha boma kisiwani Chole; Waingereza walituachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, nayo ingali kitabuni. Yampa Mkuu wa Wilaya uwezo, baada ya uchunguzi, kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akae mahali atakapoambiwa wilayani. Basi bibi kizee wa Ghuba ya Chole, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni tu, aweza kuamriwa akae Kilindoni, mbali na kaburi la mumewe! Lakini sheria hiyohiyo yakataza kumtangazia mwenzako uchawi. Neno hilo halijazeeka. Tulishike, wazazi, na watoto wetu walisikie nyumbani: mzee ni wa kutunzwa, si wa kushukiwa.