Imetengwa, Je Imetoka?

Mwaka 2018 neno udumavu lilikuwa limeshachosha masikio ya watu wa Njombe. Kila kiongozi aliyepita alilitaja, na kila lilipotajwa wazee walitazamana. Mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage na parachichi, ambao malori yake ya chakula hushuka Dar es Salaam usiku na mchana, unaambiwa watoto wake hawakui kwa kukosa lishe? Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. "Sisi Wabena ni wafupi tangu enzi za mababu," mzee mmoja alihitimisha pale kilabuni, akaagiza ulanzi mwingine.

Sisi tulikuwa vijana wa kijijini tuliokwisha maliza shule. Wengi walikuwa wa kidato cha nne, wachache wa kidato cha sita. Wapo waliokuwa na bodaboda; wengine tulipakia viazi kwenye malori. Wengi wetu hatukuwa na watoto, na udumavu haukutuhusu hata kidogo. Tuliingia katika habari hii kwa sababu zahanati ilitafuta watu wanaojua kusoma na kuandika namba vizuri, wakawasaidie wahudumu wa afya ngazi ya jamii kupima watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa chali kwenye ubao wa kupimia urefu. Mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine anabana magoti yanyooke na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo, wa tatu anasoma namba kwa sauti kabla mtoto hajajikunja na kuangua kilio. Kabla ya hapo mkono wake umeshapimwa kwa utepe wenye rangi tatu. Utepe ukisoma kijani, mama anatabasamu, maana mtoto hajakonda. Tatizo lilianza tulipolinganisha urefu na umri. Mtoto mwenye mashavu, utepe wake kijani kabisa, nukta yake kwenye chati ya ukuaji inaangukia chini ya mstari. Mama anauliza, "Mwanangu mbona ana afya?" Nawe huna jibu fupi la kumpa. Udumavu hauonekani kwa macho, kwa sababu watoto wote wa jirani wana kimo kilekile.

Habari ya fedha tuliipata kwa afisa lishe wa wilaya, dada mpole aliyekuja kukusanya fomu. Alikuwa akisubiri usafiri, sisi tukawa tunalalamika kwamba ubao ni mmoja na umelegea, unazungushwa zahanati hadi zahanati. Akasema, "Fedha zake zimetengwa. Kila mtoto ana shilingi 1,000 kwa mwaka." Agizo la serikali kwa halmashauri lilikuwa limeanza na shilingi 500 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, likapanda kuwa 1,000 katika bajeti ya 2017/18, na fedha hizo zilipaswa kutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alisaini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na hiyo shilingi 1,000 ikawa moja ya mambo ambayo mikoa ingepimwa kwayo.

Elfu moja hainunui robo kilo ya nyama. Ila ukizidisha kwa watoto wa wilaya nzima inakuwa kitu: halmashauri yenye watoto 20,000 ilipaswa kutoa shilingi milioni 20 kila mwaka. Tukamuuliza dada, sasa ziko wapi? Akacheka kidogo. "Nimesema zimetengwa, wadogo zangu. Sijasema zimetoka."

Nadhani ni pale ndipo wengi wetu tulipopata elimu ya uraia ambayo darasani haikufika. Kutenga ni kuandika kifungu kwenye kitabu cha bajeti. Kutoka ni mweka hazina kusaini. Kati ya mambo hayo mawili kuna foleni, na mtoto mchanga hajui kupanga foleni. Mapato ya ndani hayaingii kwa mkupuo: ni ushuru wa mazao, leseni, kodi za vibanda, na huja kwa msimu. Kwa halmashauri ya wakulima hali ilikuwa imebana zaidi, kwa kuwa mwaka 2017 ushuru wa mazao ulikuwa umepunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, halmashauri ikapungukiwa. Kilichoingia kilikimbilia mafuta ya magari, posho za vikao na madeni ya wazabuni, wale ambao wanaweza kukaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka walipwe.

Halafu kulikuwa na jambo lililotugusa wenyewe. Mwaka huohuo wa 2018 Bunge liliingiza kwenye sheria ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yaani fungu letu vijana lilikuwa na sheria nyuma yake. Fungu la watoto lilikuwa na agizo. Mkurugenzi wa halmashauri akichelewesha la kwanza, anaulizwa kwa kifungu cha sheria. Akichelewesha la pili, anaulizwa kwa upole.

Basi tukaanza kuuliza, na swali la kwanza lililoturudia lilikuwa, "Mmetumwa na nani?" Miaka ile kijana aliyeshika karatasi yenye hesabu za serikali alionekana ana chama mfukoni. Mtendaji mmoja alituambia waziwazi tusilete siasa. Mwenzetu akamjibu, "Shikamoo mzee. Sisi tumetumwa na ubao uliolegea." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hatukupewa nafasi ya kusema siku ile.

Aliyetufungua macho ni diwani wetu, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa barazani kwa vipindi kadhaa. Tulimfuata nyumbani akiwa anapukuchua mahindi. Alitusikiliza bila kuacha kazi yake, kisha akasema: "Wanangu, msinipe barua. Barua yenu nitaisoma mimi peke yangu. Nipeni mihtasari." Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Swali likiulizwa mkutanoni, linaingia kwenye muhtasari. Muhtasari unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani akisimama kwenye baraza la madiwani anakuwa ameshika kauli ya vijiji. Halalamiki tena kwa niaba yake mwenyewe.

Kampeni yetu, kama ilistahili jina hilo, ilikuwa hiyo tu. Hatukuchapisha fulana wala hatukuandamana. Wale wa bodaboda walipeleka swali moja, lenye maneno yaleyale, kwa vijana wa vijiji vingine: katika robo iliyopita, kati ya fedha za lishe zilizotengwa, zimetoka shilingi ngapi? Kila kijiji kiliuliza hivyo. Katika vijiji vingine mwenyekiti alisema halimhusu. Tukawaomba vijana wahakikishe hata jibu hilo linaandikwa. Kina mama walitushangaza. Tulidhani wangeona haya kuzungumza, kumbe wakishajua kuna shilingi iliyoandikwa jina la mtoto, walisimama na kadi za kliniki mkononi.

Baraza lilipokaa, tulipanda mpaka makao makuu ya wilaya tukaketi nyuma, kwani kikao kiko wazi kwa wananchi. Mama diwani aliposimama hakuhutubia. Alisoma majina ya vijiji, kimoja baada ya kingine, na swali lao. Madiwani wa kata nyingine wakaanza kuinua mikono, nao wakitaka kujua habari za kwao. Mkurugenzi alijibu kwamba fedha zitatolewa kadiri makusanyo yatakavyoruhusu. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kabla mwaka wa fedha haujafungwa Juni. Haikuwa yote. Zilinunuliwa mbao mpya, wahudumu wakapewa mafunzo, na mafunzo ya mapishi yakafanyika vijijini.

Lakini ni katika mafunzo hayohayo ya mapishi mama mmoja alitumwagia maji ya baridi. "Uji wa lishe naujua," alisema. "Nani atampikia saa nne, na mimi niko shambani tangu alfajiri?" Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka minane na ugali wa asubuhi. Hilo milioni 20 haziligusi. Utafiti wa 2022 ulipotoka, udumavu kitaifa ulikuwa umeshuka hadi asilimia 30. Njombe bado ilikuwa kwenye 50. Sikuvunjika moyo, ila niliacha kusema kwamba fedha ndiyo dawa. Fedha ni sharti la kwanza tu, na ndilo sharti ambalo wananchi wanaweza kulidai kwa namba.

Miaka ya baadaye nilisoma kwamba San Francisco, huko Marekani, wapiga kura waliingiza fungu la watoto kwenye katiba ya jiji lao mwaka 1991, na Oakland ikafuata mwaka 1996. Wao walipita kwenye sanduku la kura, njia ambayo halmashauri zetu hazina. Walichokitafuta ni kilekile tulichokikosa: fungu ambalo kiongozi hawezi kulisogeza nyuma ya mafuta ya gari. Mkataba wa lishe ulisainiwa upya mwaka 2022, safari hii na Samia akiwa Rais. Bado ni mkataba.

Vijana wa sasa huniuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na taarifa ya robo ya pili, ile inayofungwa Desemba. Inaposomwa kijijini, rasimu ya bajeti ya mwaka unaofuata iko mezani wilayani, na hapo unaweza kuuliza mambo mawili kwa mpigo: za mwaka huu zimetoka ngapi, na za mwakani mmeandika ngapi. Ukisubiri Juni utapewa pole.