Hita ya laki tisa na nyumba isiyo na dari

Abiria anayepanda milima ya Usambara kutoka Mombo huanza safari akijipepea, na akifika Soni anatafuta koti. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake hauna mchezo: ukungu unashuka, bati linadondosha umande, na wazazi wenye watoto wadogo wanaulizana wafanyeje.

Siku hizi jibu linakuja lenyewe kwenye simu. Kwa familia moja ya hapo mjini lilikuja kama tangazo la hita ya kisasa ya shilingi 950,000, nyembamba kama picha ya ukutani, inayowashwa kwa simu na inayosifiwa kwa joto jingi na umeme kidogo. Baba, mfanyabiashara wa kabichi na karoti, alikuwa ameuza vizuri msimu ule. Mtoto wao wa mwisho alikuwa na miezi mitano na mafua yasiyoisha. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na fedha hiyo alikuwa ameipangia ada ya mkubwa wao.

"Mtoto akiugua kifua, ada itatusaidia nini?" baba aliuliza.

Mama hakumpinga. Alichukua daftari.

Hesabu yake kila mzazi anaweza kuifanya. Hita ya umeme ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa inayowaka. Na hapa ndipo matangazo mengi yanapowapoteza watu: hita inayogeuza umeme kuwa joto moja kwa moja, iwe ya laki moja au ya milioni, inatoa joto lilelile kwa uniti ileile. Umeme wote unaoingia unatoka kama joto; hakuna ufundi wa kuongeza kilichokwisha kuwa chote. Ya bei kubwa inakuuzia mambo mengine: ukimya, sura nzuri, kujizima chumba kikishapata joto au ikianguka. Hilo la kujizima lina maana kwenye nyumba yenye watoto, lakini hata baadhi ya hita za bei ndogo zinalo.

Kifaa kinachokwepa hesabu hiyo ni kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha joto. Chenyewe hakitengenezi joto, kinalivuta kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo uniti moja inaweza kuleta joto la uniti tatu. Nchi kama Norway, zenye baridi ya miezi mingi, zimevifunga kwa wingi. Kwa baridi ya miezi mitatu, tena ya usiku tu, bei yake na gharama ya fundi vingechukua miaka mingi kurudi.

Mama akaendelea. Nyumba yao ilikuwa inatumia uniti kama 40 kwa mwezi, kwenye kundi la wateja wadogo wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ukivuka uniti 75, zinazozidi zinauzwa shilingi 350. Hita ikiwaka saa nne kila usiku ni uniti 240 kwa mwezi. Luku yao ingepanda kutoka shilingi 4,000 hadi karibu 80,000, kabla ya kodi.

"Na hilo joto linakwenda wapi?" akamwuliza mumewe, akinyoosha kidole juu.

Chumba cha watoto hakikuwa na dari. Hewa yenye joto hupanda, inagusa bati, na kwisha. Wangekuwa wanapasha joto ukungu wa Magamba.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na lake. "Wanangu, sisi tulilala na moto ndani, mkakua. Ingizeni jiko la mkaa, mfunge mlango."

Hapo mama hakutoa daftari. "Hapana, mama. Hilo tunakuomba utusamehe."

Nyumba ya zamani ya Wasambaa, yenye mafiga ndani na paa la nyasi, ilikuwa inapumua. Chumba cha tofali chenye madirisha ya vioo hakipumui. Mkaa, hata uliokolea usio na moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Watu wakiumwa kichwa, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko, watolewe nje mara moja na wapelekwe hospitali.

Mwishowe walinunua hita ndogo ya shilingi 85,000 inayojizima ikianguka. Fundi aliweka dari chumba cha watoto kwa 240,000. Mablanketi yakachukua 90,000, na mapazia mazito 45,000. Jumla ni 460,000, chini ya nusu ya bei ya ile hita. Nyufa za mlango zikazibwa kwa vipande vya kanga kuukuu. Matundu ya hewa hayakuguswa.

Hita inachomekwa kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni nyembamba, na nguo haianikwi juu yake. Inawaka nusu saa kabla ya kulala, kisha inazimwa. Ni uniti moja kwa usiku, 30 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 40 zinakuwa 70, na familia imebaki kwenye kundi lake.

Mtoto je? Anavalishwa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, na mama humgusa shingoni kujua kama ana baridi au anatoka jasho. Akiamka analia, anawekwa kifuani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Bogotá, Colombia, waliopungukiwa mashine za kutunzia watoto njiti, waliwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo leo inatumika hata katika hospitali za Tanzania.

Aliyebaki na kinyongo ni bibi. Wazee nao huumizwa na baridi, na jiko lilikuwa pia mahali pake pa kuongea na wajukuu. Basi sasa jioni jiko linakaa barazani hadi chai iishe, na wote wanalizunguka. Hita inaanzia chumbani kwake robo saa, kisha inahamia kwa watoto. Jiko haliingii ndani, hata siku ya mvua, hata bibi akinung'unika.

Na ada ya muhula ililipwa.