Kutoka Ruiru Hadi Thika Kutafuta Taa ya Mashua

Iwapo Jumapili hii hujui uwapeleke wapi watoto, wapandishe matatu nambari 145 mshuke Ruiru, kisha muendelee mpaka Thika. Safari yenyewe ni fupi na nauli haitakufilisi. Leo, hata hivyo, nataka usafiri ukiwa na swali moja kichwani: mtu anayeingia majini usiku na mashua ndogo achukue taa ya namna gani?

Huenda ukashangaa. Ruiru na Thika zina uhusiano gani na mashua? Subiri kidogo.

Barabara kuu ya Thika, ambayo ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, huvuka mto unaoitwa Ruiru sawa na mji wenyewe. Abiria wengi hupita juu yake bila hata kugeuza shingo. Maji yake huingia Mto Nairobi, halafu Athi, na mwisho humwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Ukifika Thika, kilomita kama 20 mbele, mambo hubadilika. Pale Mto Chania huungana na Mto Thika, maji yao yakaingia Tana na kwenda kutokea baharini karibu na Kipini. Waonyeshe watoto jambo hilo kwenye ramani. Ni miji jirani, lakini kila mmoja hupeleka maji yake baharini kwa njia yake.

Zamani nchi hii ilikuwa ya wawindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa Marekani, alikaribishwa katika shamba la Juja na Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan. Shamba hilo lilikuwa karibu na mahali ambapo Mto Ruiru hukutana na Mto Nairobi. Roosevelt aliwinda hapo, na baadaye mwaka huo huo akawinda viboko akiwa ndani ya mashua katika Ziwa Naivasha. McMillan naye alifariki mwaka 1925 na kuzikwa juu ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, ule unaouona upande wa mashariki ukiwa Thika.

Siku hizo zimekwisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na leo mtu anayemmulika mnyama usiku kwa kurunzi huku ameshika silaha hana jina jingine ila jangili. Mwindaji wa majini aliyebaki, na ambaye kazi yake ni halali, ni mvuvi. Mvuvi huyo utakutana na jasho lake hapo hapo Thika, sokoni.

Omena na mwanga

Ingia soko lolote la Thika, uwe Makongeni au katikati ya mji, na utaona omena wakipimwa kwa gorogoro. Samaki hao wadogo, ambao Tanzania huwaita dagaa na Uganda mukene, hawakutoka Chania wala Athi. Walitoka Ziwa Victoria, na walinaswa kwa sababu ya taa.

Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza. Huziweka taa juu ya vielea na kuziacha zikiyumba majini. Vidudu vya majini hukusanyika penye mwanga, nao omena huvifuata. Baada ya muda taa huvutwa polepole, omena wakifuata, hadi kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza nguvu kwa sababu ziwa zima limeangaziwa, na wavuvi wengi hupumzika. Ukisimama ufuoni Mbita au Rusinga usiku wa giza, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Mwanga wake ni mzuri, lakini inakula mafuta kila usiku, inaunguza mkono, na tone la mvua baridi laweza kupasua kioo chake. Siku hizi wengi wametumia taa za LED zinazotumia betri, na betri nyingine huchajiwa kwa jua mchana.

Hapo ndipo wewe mkazi wa Ruiru au Thika unapoingia. Watu wengi wa miji hii walihamia kutoka mbali kufuata kazi viwandani, na baadhi yao wana ndugu ziwani. Ndugu huyo akikuomba umtumie taa kali kwa sababu mjini ziko tele, utakimbilia duka la vipuri vya magari na kumwambia mwenye duka, "Nipe ile kali kuliko zote." Tafadhali usifanye haraka. Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari.

Hesabu ya betri

Mwenye duka atakusifia wati. Wati huonyesha taa inakula umeme kiasi gani, haionyeshi inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kati ya taa mbili zenye lumeni sawa, chukua yenye wati chache.

Chukua betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 20. Zidisha, utapata wati-saa 240. Betri ya namna hiyo haipendi kukaushwa, kwa hivyo hesabu nusu tu, yaani 120. Sasa ifunge taa ya mbele ya gari ya aina ya zamani, ya wati 55. Itawaka kwa saa mbili na dakika chache, kisha betri ianze kuchoka. Funga badala yake taa ya LED ya wati 10 na utapata saa 12, kutoka jua linapozama mpaka linapochomoza. Mvuvi aliyebaki gizani katikati ya ziwa saa nne za usiku, upepo ukianza, hatakushukuru kwa ukali wa taa uliyomtumia.

Angalia pia maandishi kwenye kasha. Alama ya IP67 ina maana kwamba taa imekingwa na vumbi na inaweza kuzama mita moja majini kwa nusu saa bila kuharibika. Nunua na fyuzi, ifungwe karibu na betri. Betri yenyewe iwekwe mbali na mtungi wa petroli wa mashine ya mashua, maana cheche moja yatosha. Betri ikifa irudishwe kwa wanaonunua betri kuukuu. Isitupwe ziwani, kwa kuwa risasi ni sumu.

Somo la Maporomoko

Sasa toka Thika, shika barabara ya Garissa na ukunje kuelekea Ol Donyo Sabuk hadi Maporomoko Kumi na Manne. Hapo Mto Athi, uliokwisha kupokea maji ya Ruiru, huanguka kwa mikondo mingi juu ya miamba. Usitarajie maji safi, kwani taka za Nairobi hupitia huko. Utawakuta wenyeji wenye mashua ndogo wanaovusha wageni. Kabla hamjapanda, kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha. Pasipo jaketi, tazameni mkiwa ukingoni.

Tazama jua linavyogusa maji. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa, mwanga mwingi huzama majini. Jioni, jua likiwa limeinama, mwanga huteleza juu ya maji na kukupiga machoni hata usione kitu. Taa ya mashua hufuata kanuni hiyo hiyo. Ikiwa unataka iingie majini, itundike ielekee chini. Ukiilaza imulike mbele, sehemu kubwa ya mwanga itaruka na kupotea. Tena usiiweke mbali bure: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo.

Taa ya kazi ni moja, na taa ya kuonekana ni nyingine. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zimefikiria hata mdogo. Mashua ya mashine yenye urefu chini ya mita 7 na mwendo usiozidi kilomita 13 hivi kwa saa inaweza kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mashua ya kasia inaweza kuwa na tochi au taa nyeupe iliyo tayari, ionyeshwe mapema kabla ya kugongana. Taa hiyo haihitaji ukali wa kutisha. Inahitaji kuwaka usiku kucha na isizibwe na mtu, tanga wala mzigo.

Ondokeni Maporomoko mapema, lakini mkichelewa kidogo barabarani mtapata somo la mwisho. Magari yatakuja mbele yenu, na dereva mmoja asiye na adabu ataacha taa zake zikiwa zimeinuliwa. Kwa nukta chache hamtaona barabara wala ukingo wake. Jicho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali hulirudisha nyuma kwa mara moja. Dereva ana mstari mweupe wa kumwongoza. Nahodha wa mashua hana mstari wowote. Akimulikwa na taa yake mwenyewe, hataona mwamba, wavu wa jirani, wala mtu aliyeanguka majini.

Ndiyo maana taa kali hufungwa mbele ya nahodha na kuwekewa kikinga upande wa macho yake. Ubao wa mashua ulio karibu nayo hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili usimrudishie mwanga. Anapotaka kutazama wavu au kamba, hutumia kitochi chenye mwanga mwekundu hafifu, ambao haulisumbui sana jicho. Penye ukungu, taa kubwa huzimwa au huelekezwa chini kabisa, kwani ukungu hugeuka ukuta mweupe.

Basi ukirudi Thika kununua, mwambie mwenye duka kazi ya taa kabla hajakuambia bei. Ni ya kuvuta samaki, ya kuona njia, au ya kuonekana? Iwake saa ngapi? Itafungwa wapi? Akikujibu vizuri, lipa. Ukifunga kifurushi cha kupeleka stendi, tia ndani taa, fyuzi, waya mnene wa kutosha na kile kitochi chekundu. Pesa zikibaki, ongeza jaketi moja la kuokolea maisha. Usiku ule ambao taa zote zitazimika, ndilo litakalomrudisha ndugu yako ufuoni.