Tisa na Thelathini

Nilifika Rotterdam mwaka 1999, wakati wa baridi, nikitokea Tanga. Sheria mpya ya wageni, iliyoanza mwaka mmoja kabla, ilitupa saa 600 za kujifunza Kiholanzi. Nilitarajia Mholanzi mrefu. Aliyeingia darasani alikuwa mama wa Kichina, mfupi, chupa ya chai kwapani. Mturuki mmoja akauliza kama tumekosea chumba.

"Mwenye lugha hajui ni wapi panapouma," alijibu Mwalimu. "Mimi najua."

Alikuja kutoka Hong Kong miaka ya sabini, msichana wa miaka kumi na sita, kumsaidia baba yake mgahawani. Kazi yake ilikuwa kupokea oda dirishani. Wateja hawakutaja chakula, walitaja namba. Kwa Kichina 39 ni "tatu-kumi-tisa". Mholanzi husema "tisa na thelathini". Binti akisikia tisa kwanza anaandika 9, kisha 3, na jikoni baba anapika namba 93. Chakula chenyewe kilikuwa na majina ya Kiindonesia, maana Waholanzi waliorudi kutoka koloni lao walirudi na hamu zao. "Kwetu hatukuwahi kukila," alisema akicheka.

Kilichotuunganisha ni ngeli. Siku moja tulikuwa tunahangaika na *de* na *het*, vineno viwili vinavyotangulia majina ya Kiholanzi bila sababu ninayoijua hadi leo. Nikasema kwetu majina yana makundi yake: watu watatu, viti vitatu, miti mitatu. Mwalimu akanipa chaki niandike ubaoni. Kisha akaandika ya kwao. Huwezi kuhesabu kitu kwa Kichina bila kutia neno la aina yake katikati: karatasi, meza na kitanda vina neno moja kwa kuwa ni bapa, samaki na barabara vina lao kwa kuwa ni virefu, na suruali imo humo humo. Tulisimama pale ubaoni hadi mlinzi akaja kuzima taa.

Baada ya hapo nikawa namsaidia Jumamosi kupanga viti katika darasa lake la pili, la watoto wa wenye migahawa. Watoto hao katikati ya wiki walizungumza Kiholanzi tupu, na ndio waliowatafsiria wazazi barua za kodi na maneno ya daktari. Jumamosi walijifunza Kikantoni na kumwita *lousi*, yaani mwalimu.

Kufikia 2005 hivi upepo uligeuka. Wazazi walitaka Kimandarini, lugha ya biashara na China bara, na maandishi yaliyorahisishwa badala ya yale ya Hong Kong. Mwalimu, aliyekuwa akikaribia hamsini, akaanza kusomeshwa Kimandarini na kijana mdogo kuliko mwanawe. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ila daftari lake la zamani hakulitupa. Wakaja pia wasichana waliozaliwa China na kulelewa na Waholanzi, na wazazi wao wakakaa viti vya nyuma wakijaribu toni nne za Kimandarini. Watoto wa migahawa wakaangua kicheko.

"Msicheke," aliwaambia. "Mama zenu walisimama dirishani wakichekwa hivi hivi."

Akawa sasa *laoshi*, kwa matamshi ya Kimandarini. Aliitikia yote mawili.

Darasa letu la wageni halikudumu. Kuanzia 2013 kila mgeni alitakiwa kutafuta shule na kujilipia mwenyewe, kwa mkopo ikibidi. Kituo chetu kikafungwa, na shule za kibiashara zikachipuka kama uyoga. Mwaka 2022 serikali ikairudisha kazi hiyo mikononi mwa manispaa. Miaka tisa ilipotea bure, nami sioni haya kusema hivyo.

Mwalimu amestaafu. Nikimpigia simu huanza na "viti vitatu" kabla hata ya salamu. Darasa la Jumamosi analifundisha mmoja wa wale waliocheka. Mgahawa wa baba yake Mwalimu uliuzwa. Sasa ni mahali pa kula sushi mpaka ushibe, na oda mteja anaibonyeza mwenyewe kwenye tableti.